Fundi Mstari na Pasi Aliyojifunza Kuiacha

Ndugu waombolezaji, huyu tunayemsitiri leo wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Mstari. Mimi ni dada yake, niliyembeba mgongoni kabla hajajua kutambaa, ndiyo maana nimeomba kuandika wasifu huu mimi. Shule yangu ni ya msingi tu, lakini kumbukumbu sijaazima kwa mtu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1953, kitindamimba wa baba yetu mwashi na mama yetu mkunga. Mama alijifungua huku akimwelekeza jirani cha kufanya, maana jirani ndiye aliyekuwa akitetemeka. Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya soko, akamaliza darasa la saba mwaka 1967. Huko mwalimu wa ufundi alimpa chaki apige mstari ubaoni bila rula. Alipoupiga, mwalimu aliita darasa la jirani waje kuangalia. Jina la Mstari lilianzia hapo na halikumtoka tena.

Alifundishwa kushona na mjomba wetu, na mwaka 1974 akafungua chumba chake mwenyewe katika mtaa wa wauza vitambaa: mlango wa buluu, vyerehani viwili, meza ya kukatia, na pasi nzito ya umeme. Suruali yake ilikuwa na adabu. Hata mwenye matege akiivaa alionekana kanyooka.

Mwaka 1979 alimwoa wifi yangu. Wifi alipeleka sketi ipunguzwe kiuno, fundi akamrudisha mara tatu, eti bado haijakaa vizuri. Mara ya tatu binti akamwambia, "Fundi, sketi imekaa tangu juzi. Sema unachotaka." Akasema. Wakajaliwa watoto watatu.

Sasa nafika mahali ambapo wengine wangeruka. Marehemu mwenyewe alinikataza. Aliniambia, "Dada, siku hiyo usije ukasema niliugua kidogo. Sema yote. Huenda nyuma pale amekaa mtu anayeteseka kama mimi, na hajamwambia yeyote."

Basi nasema. Kuanzia mwaka 1991 mdogo wangu aliugua ugonjwa wa akili wa mashaka yasiyokoma. Alizima pasi, akafunga duka, akafika njia panda, moyo ukamwambia duka linaungua. Akarudi. Akaikuta baridi. Akafunga, akaenda, akarudi tena. Alijua imezimwa, na kujua hakukumsaidia. Binti yangu alipoolewa, marehemu alikuja arusini na ile pasi ndani ya begi, akaiweka chini ya kiti ili awe anaiona. Watu wakamtania, "Fundi, umekuja kumnyoosha bwana arusi?" Naye akacheka, jasho likimtoka. Vidonge vya hospitali vilimpunguzia mashaka, havikumponya. Wateja wakapungua, na mwaka 2004 akafunga duka, akasema hataligusa tena.

Hospitali kuu wakamweleza kwamba upo upasuaji wa ubongo kwa ugonjwa huo. Kaka yetu mkubwa, dereva wa lori, aliposikia kuna njia nyingine ya mazoezi na mazungumzo, alikasirika. "Injini ikifa unaiongelesha? Apasuliwe yaishe!"

Wifi akamjibu, "Shemeji, mume wangu si lori."

Marehemu mwenyewe alitaka kisu. Alisema kisu kinamtaka alale tu, kazi wafanye wengine. Lakini daktari mpasuaji alikuwa mkweli. Alimwambia, "Mzee, mimi nagusa sehemu ndogo sana ndani ya ubongo, na nikishaigusa siwezi kuirudisha ilivyokuwa. Wapo wanaopata nafuu, wapo wasiopata. Ni njia ya mwisho, na wewe ya katikati hujaipita. Tena hata nikikupasua, utahitaji mazoezi yaleyale." Akampeleka kwa mtaalamu wa tiba ya tabia, mama mmoja mfupi ambaye sisi tulimwita Mama Mazoezi.

Mama huyu alimrudisha kwenye lile duka lililofungwa, akamtaka awashe pasi. Akamwambia azime pasi mara moja, afunge, kisha wakakaa kwenye benchi upande wa pili wa barabara. Hakuna kurudi. Marehemu alilia mbele ya wapita njia, mtu mzima na mvi zake. Mama akamwambia, "Hofu ni mgeni asiye na adabu. Wewe umekuwa ukimpikia kila anapokuja. Leo mwache akae na njaa, ataondoka mwenyewe." Na kweli jua lilipoinama hofu ikashuka, na duka lilikuwa palepale.

Sisi wa nyumbani tulipewa kazi ngumu kuliko yote. Akiuliza, "Pasi nimezima?" tulikatazwa kumtuliza. Tuliruhusiwa neno moja tu: "Sijui." Siku ya kwanza wifi alipolitamka, marehemu alisusa chakula na kumwita katili. Wifi akaenda kulia jikoni, akarudi, akaulizwa tena, akajibu, "Sijui, mume wangu."

Mlango wa buluu ulifunguliwa tena mwaka 2005. Sisemi kisu ni kibaya. Mgonjwa mwenzake waliyekutana hospitalini, mwalimu wa hesabu aliyekaa nasi hapa leo, alijaribu mazoezi yakamshinda, akapasuliwa, akapata nafuu, kisha mazoezi yakamkubali. Wala mdogo wangu hakupona kama mtu aliyetolewa mwiba. Mama yetu mzazi alipofariki mashaka yalirudi, naye akarudi kwenye benchi lake, safari hii peke yake. Na hospitali ileile ikampa kazi ya kushona magwanda ya kijani ya chumba cha upasuaji. Kisu kilimkosa, lakini wenye kisu aliwavika yeye.

Mwaka jana moyo wake ulianza kuchoka, miguu ikavimba. Siku tulipomtoa nyumbani kwenda kulazwa, tulipofika getini alinishika mkono. "Dada, pasi nimezima?"

"Sijui, mdogo wangu."

Akacheka mpaka akakohoa. "Hata mimi sijui. Twende." Hakugeuka nyuma. Alifariki tarehe 6 Juni 2023, asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe.

Ameacha mke, watoto watatu, wajukuu saba, kaka yake dereva, na mimi dada yake. Ameacha pia mlango wa buluu, ambao sasa funguo zake anazo binti yake mkubwa.

Miaka yote hiyo nilinyimwa ruhusa ya kumjibu. Leo hakuna wa kunikataza. Pasi imezimwa, mdogo wangu. Duka limefungwa. Pumzika kwa amani.