Liwali Bagafarna na Neno Lililobaki Linaning'inia

Marehemu Mwanamfalme Bagafarna alizaliwa Ekbatana, mji wa wafalme, mwezi wa waridi, mwaka wa nne wa mfalme aliyepita. Alikuwa mtoto wa tano wa mke wa tatu, kwa hiyo kiti cha enzi alikiona kwa mbali, na wala hakujali. "Kukaa kitini kutwa nzima? Mie? Thubutu!"

Masomo alianza akiwa na miaka mitano kama watoto wote wa kiungwana: kupanda farasi, kupiga mshale, kusema kweli. Farasi alifaulu. Mshale, hivyo hivyo. Kwenye kweli alipitiliza, maana alimwambia mwalimu mbele za watu kwamba ndevu zake ni za kubandika. Alichapwa. Ila jamani, zilikuwa za kubandika kweli!

Akapewa uliwali wa jimbo letu la Hirkania angali kijana. Asubuhi yuko mferejini, mchana yuko kambini, jioni supu inapoa naye anauliza farasi yuko wapi. Alimuoa Bibi Uparmiya hapa Zadrakarta, naye alishazoea kula na nafasi tupu pembeni yake.

Mwaka huu, siku ya kuzaliwa kwa Marehemu, alichomwa ng'ombe mzima na divai ikamiminika. Katikati ya vicheko Marehemu akamshika bega rafiki yake Spitaka wa Baktria: "Amitida wangu ataolewa na mpwa wako!" Watu wakapiga vigelegele. Amitida, binti yake kitindamimba, moyo ukamlipuka. Baktria hajui mtu.

Desturi inajulikana: neno la ulevini hurudiwa asubuhi, vichwa vikavu, ndipo linashika. Sasa kulipokucha Liwali hayupo! Kaenda kukagua daraja lililobomoka. Neno likaning'inia, ngamia wa Spitaka wakakaa wanatafuna waridi za Bibi, na Amitida usingizi hapati.

Liwali alirudishwa amelazwa kwenye mkokoteni, homa imemkamata. Tabibu akaleta dawa iliyochanganywa na divai. Amitida akaidaka bilauri.

"Baba, usinywe kwanza. Baktria niende, nisiende?"

"Neno lilishatoka, Kaka!" Spitaka akadakia kutoka mlangoni.

"La divai hilo, nusu neno. Usijitie hujui." Liwali akamgeukia binti. "Mama, unataka?"

"Sitaki, Baba."

"Basi haendi. Mmesikia wote, sijaonja hata tone."

Ndipo akanywa, akalalamika kitanda kinambana, akataka kushuka. Alifariki alfajiri, mguu mmoja nje ya blanketi.

Ameacha mjane, Bibi Uparmiya, wana watatu, wajukuu kibao, na Amitida, ambaye yupo hapa na hapa atabaki. Baba Spitaka, asante kwa kumlilia rafiki yako. Ngamia wameshanyweshwa, na njia ya Baktria ni kavu.

Baba Liwali, pumzika. Ikikushinda, basi tembea kwa amani.