Mama Tulia na Miguu Uvunguni mwa Meza

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Mama Tulia anastaafu tarehe 30 Juni. Jina lake halisi limo kwenye faili la ajira. Sisi wa idara ya picha tumelisahau, na mumewe naye tunashuku amelisahau.

Alianza na eksirei za mifupa. Ilipoletwa mashine ya MRI, ambayo mgonjwa hulazwa ndani ya bomba jembamba la sumaku, akahamishiwa kwenye picha za ubongo za wagonjwa wa kifafa, na huko ndiko alikopata jina, kwa kuwaambia watu watulie kutwa kucha. Mgonjwa akijitikisa kidogo tu, picha imeharibika. Tena mbele ya sumaku ile hapiti mtu na chuma: mkurugenzi mwenyewe alivuliwa mkanda, akakagua chumba kizima huku ameshikilia suruali.

Ila tutamkumbuka zaidi kwa binti mmoja, fundi cherehani, ambaye kifafa chake kilianzia pembeni mwa ubongo, usawa wa sikio. Hakuwa akianguka. Alinusa harufu isiyokuwepo, akakodoa macho, kisha akapotea asijue alipo. Dawa zilishindwa. Mama yake alilala sakafuni kando ya kitanda chake, na hakuthubutu kumwacha hata aoge mlango umefungwa. Daktari wa upasuaji alikuwa tayari, lakini hawezi kukata asichokiona. Na binti, kelele za mashine zikianza tu, alichomoka mbio. Mara mbili!

Mama Tulia akamfanyisha mazoezi. Alimlaza uvunguni mwa meza ya daktari mkuu, maana ndio uvungu pekee mrefu na mwembamba tulionao, akachuchumaa kando akigonga ndoo ya bati kwa mwiko. Siku moja daktari mkuu akaingia na wageni, akakuta miguu miwili imechomoza chini ya meza yake. Mama Tulia aliwaamuru wote wasisogee. Wakaganda.

Picha iliyofuata ilitoka safi, kovu la ubongoni lililokuwa likileta kifafa likionekana waziwazi, na binti akapasuliwa. Hajapotea tena. Tulitoa machozi, tusifiche; Mama Tulia alisingizia vumbi, katika chumba anachokipangusa mwenyewe.

Mama yetu, asante kwa yote. Ule ushibe, ulale hadi jua likuchoke. Tunakutakia maisha mema. Na salamu hizi zimetoka kwa mama wa yule binti: amesharudi kulala kitandani kwake. Bintiye hufunga mlango wa bafu na kuimba vibaya mno, naye humsikiliza mpaka mwisho.