Kahawa Yapimwa Sukari

Kijiwe chenyewe kilikuwa benchi moja mbele ya kibanda cha fundi viatu waliyemwita Kiraka. Asubuhi hiyo Kiraka hakugusa sindano. Binti yake alikuwa amemchoma kidole, akagusisha tone la damu kwenye kijikaratasi cha kipima sukari, na kifaa kikaandika kumi na saba, zaidi ya mara mbili ya kawaida. Alimwachia kifaa na amri: leo hii aende zahanati. Kiraka hakutaka. Marehemu kaka yake naye alianza kwa kwenda kupima tu, akaishia kukatwa mguu.

— Kinafanyaje kazi? aliuliza Wakili, kinyozi aliyeijua mahakama kwa nje tu.

— Binti anasema kwenye karatasi kuna kimeng'enya. Kinaila sukari ya damu, unatoka umeme kidogo, mashine inausoma.

— Umeme! alidakia Betri, fundi redio, nusura amwage kikombe cha kahawa. Kwa kumi na saba wewe ni jenereta, bwana! Tukuunge waya kibanda kiwake taa.

— Cheka tu. Mimi nasema kimeharibika.

— Ushahidi uko wapi? Wakili akasimama. Tukipe kitu tunachojua kina sukari.

Wote wakaitazama kahawa, tamu hiyo mpaka midomo inanata. Kiraka akaiacha ipoe, akachovya karatasi mpya. Kifaa kikafikiri, kikajibu: chini kabisa.

— Hee! alisema Betri. Kimeng'enya kimeshiba damu yako.

— Au kahawa imekinyima usingizi, kimechanganyikiwa, alisema Kiraka.

— Kesi imekwisha! alitangaza Wakili. Kifaa ni mwongo, mshitakiwa yuko huru!

Kiraka alijisikia mwepesi kama aliyetuliwa gunia. Akawaagizia wote kikombe kingine.

Mama mmoja aliyefuata viatu vya mwanawe alikuwa amesimama akisikiliza.

— Samahani, kaka zangu. Sukari ya damuni ndiyo hiyo hiyo ya kwenye kahawa? Kama ni tofauti, hicho kimeng'enya kitaionaje?

Betri akachungulia ndani ya kikombe chake.

— Si sukari ni sukari? alisema Kiraka, akakitazama tena kifaa.

Kiraka akavua aproni.

— Wapi tena? aliuliza Betri.

— Zahanati. Kuuliza tu.

— Tukusindikize.

— Twendeni. Ila Wakili, ukitetea mtu huko nakuacha. Dada, viatu vya mtoto vimebaki kisigino. Tulindie kibanda, tunarudi sasa hivi.

Mama akabaki benchini peke yake, mbele ya vikombe vitatu vilivyojaa.