Dada Yetu, Aliyemuuzia Aliyemtua Mzigo

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, alfajiri ya ukungu, mtoto wa kwanza wa mkulima wa maharage. Mdogo wake, anayewasomea haya na ambaye kwa sura alimzidi mbali, alimfuata miaka mitano baadaye.

Shule aliingia mwaka 1959, akaishia darasa la nne. Hesabu alizijua, kengele ndiyo hakuisikia, maana alikaa dirishani akiota mashamba yanatembea.

Mwaka 1968 alipeleka sokoni maharage yake ya kwanza. Wanunuzi walimzunguka wakitaja bei, naye bado amebeba. Mmoja tu, ambaye hadi leo tunamwita Kigoda, alimtua kwanza, akamkalisha kwenye kigoda chake, akamngoja mpaka jasho likakauka. Ndipo akauliza, "Unauzaje, dada?"

Bei yake ilikuwa chini kidogo. Dada alimuuzia yeye, na akaendelea kumuuzia miaka hamsini na mitano. Tulipomcheka alijibu, "Mwenye mzigo kichwani hana bei, ana shingo tu." Mdogo wake aliwauzia wenye kelele, na kwa akili zake zote bado anaezeka nyasi. Dada aliezeka bati.

Tarehe 6 Agosti 1972 aliolewa na fundi baiskeli, ambaye siku ya posa alimpokea mama yetu ndoo ya maji kabla hata hajasalimia. Dada akasema moyoni, ni huyu.

Januari 2023 moyo wake ulianza kuchoka. Stoo kulikuwa na magunia sita ya mwisho, na hofu yake ilikuwa moja: yasije yakauzwa ovyo yeye akiwa kitandani. Mwanzoni mwa Mei lori la wanunuzi likaja hadi mlangoni.

"Bei yao nzuri, mama watoto," shemeji akasema.

"Wamezima injini?"

"Bado."

"Basi waende."

Siku ya nne baada ya lori, Kigoda alikuja mwenyewe, mgongo umepinda, kigoda kwapani. Aliketi kando ya kitanda, hakutaja bei. Dada akamwambia ameota soko lisilo na kelele, mizani inaning'inia kwenye wingu. Maharage yaliondoka jioni ile. Yeye aliondoka alfajiri, tarehe 9 Mei.

Ameacha mume, watoto wanne, wajukuu kumi na mmoja, na mdogo wake huyu, ambaye leo hana la kujisifu. Wakati wa kumshusha kaburini, Kigoda ameomba ashike kamba moja. Amepewa.

Dada ametuliwa. Shingo yake na ipumzike, naye apumzike kwa amani.