Diski Iliyogoma Kurudi kwa Mwenzake

Ndani ya treni, bibi mmoja alijifanya anasinzia, kumbe masikio kayatega kwa fundi kompyuta na shemeji yake, mpiga picha. Picha za harusi ya watu zilikuwa studio, kwenye diski mbili zinazonakiliana, na moja ilikuwa imegoma kurudi kwa mwenzake.

“Nimeifuta alama zake za zamani, zile zinazoiambia mashine diski ina nini, nimeiamuru ijiunge, wapi,” alisema fundi, akibofya laptopu iliyounganishwa na studio kwa mtandao. “Mashine inasema haiioni.”

“Itaionaje, shemeji, na wewe mwenyewe uliniambia niichomoe nikuletee?” Mpiga picha akaitoa diski mkobani, imevikwa soksi ya mtoto, huku akicheka mpaka machozi.

Fundi naye akacheka, kisha akaikodolea macho laptopu. “Sasa zile alama nilizofuta ni za ipi? Kule studio imebaki ile nzima tu!”

Treni ikasimama. Kituo kilikuwa cha bibi, lakini hakunyanyuka.