Jaji Hakuipenda Albamu Ile

Ndugu waombolezaji, ukurasa wa tatu wa hiyo ratiba mliyoshika upuuzeni. Umeandikwa na kaka yetu mkubwa, mwenyekiti wa kamati, na unasema marehemu "alipenda muziki wa vijana, hasa albamu ya jalada la dhahabu iliyomfariji kitandani". Uongo mtupu! Na kwa kuwa fundi mitambo ameambiwa aipige albamu hiyohiyo jeneza likishuka, mimi dada mdogo wa marehemu namwomba asiguse kitufe mpaka nimalize.

Marehemu, ambaye mji mzima ulimwita Jaji, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1974 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, mtoto wa pili kati ya watatu.

Alimaliza sekondari mwaka 1992. Hukohuko shuleni ndiko alikopata kanda yake ya kwanza ya hip hop, akaisikiliza mpaka utepe ukakatika, akauunga kwa rangi ya kucha ya mama. Mama alipomjia juu, akamwambia, "Mama, sikiliza ubeti wa pili kwanza, ndipo unichape." Mama akasikiliza, na fimbo akairudisha nyuma ya mlango.

Mwaka 1996 alifungua saluni yake ya kunyoa karibu na kituo cha mafuta: viti viwili, kioo chenye ufa, spika juu ya kabati la taulo. Kila albamu ilipigwa kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Mteja aliyesema "ruka huu" alizimiwa mashine, nusu kichwa kimenyolewa, mpaka aombe radhi. "Aliyezipanga nyimbo ana akili zake," Jaji alisema. "Wewe nani?" Albamu ya nyimbo ishirini aliiita gunia la makapi. Msanii aliyejisifia magari huku akienda kwa miguu alimwita dereva wa mdomo. Na hiyo ya jalada la dhahabu? "Albamu ya kwanza jamaa alikuwa na njaa, kila mstari unauma. Hii ya tatu ameshiba, anacheua kwenye maikrofoni." Nusu yenu mlioko hapa mliyasikia maneno hayo povu likiwa shavuni. Mbona mmenyamaza?

Mwaka 2001 alimwoa fundi cherehani wa mlango wa pili, aliyekuja kulalamikia kelele akaishia kubishana naye. "Mapigo yamekuziba masikio," bibi huyo alimwambia kuhusu albamu iliyokuwa ikipigwa. "Huyo mtu hana la kusema." Jaji akairudia albamu nzima, akakubali kwamba ameshindwa, na hakuwahi kukubali hivyo kwa mtu mwingine. Walijaliwa binti mmoja.

Tarehe 3 Machi 2023 alipatwa na kiharusi akiwa kazini. Ulimi ulikufa, mkono wa kulia ulikufa, akili haikuguswa. Kaka mkubwa akaja wodini na redio, akaweka albamu ya dhahabu kwa sababu ndiyo aliyoikuta dukani. "Hip hop si hip hop tu?" Akaitega ijirudie mchana kutwa. Jaji akatokwa na machozi. "Mnaona? Anaguswa!" Akaongeza sauti. Wifi yangu aliposema mumewe haipendi, akajibiwa, "Shemeji, tulia. Huyu mimi nimezaliwa naye." Jamani! Umezaliwa naye, lakini lini ulimsikiliza? Ulikatiza mbele ya saluni yake kila asubuhi ukiwa umeziba masikio, leo ndiwe unayetuambia alipenda nini!

Mimi nilichelewa kufika, nilikuwa mbali. Niliingia wodini nikaizima. Jaji alinishika kwa mkono wa kushoto, akanibana mpaka pete ikaniumiza, na hakuniachia mpaka usingizi ulipomchukua. Hapo ndipo hasira iliponikaa kifuani, na haijatoka. Mtu hawezi kusema, hawezi kuinuka, nanyi mnamfungulia kitu anachokichukia mnasubiri alie!

Alifariki asubuhi ya tarehe 11 Mei, mkewe akimnyoa ndevu.

Ameacha mjane, binti, mimi, na kaka yetu, ambaye amenikodolea macho kutoka mstari wa mbele. Nikodolee tu, kaka. Najua ulimpenda. Ulikaa naye siku ambazo mimi sikuwepo, sikunyimi hilo. Ila mtu uliyempenda humwekei maneno mdomoni akiwa ameshaondoka, eti kwa sababu ukurasa ulikuwa mtupu.

Wifi yangu hajaomba kitu tangu msiba uanze. Leo ameomba kimoja: mumewe ashushwe kimya. Fundi, chomoa waya. Kaka, kaa chini.

Apumzike ndugu yangu, na safari hii aachwe apumzike kweli.