Matembezi ya Thelathini na Tatu

Kitinda: Haloo? Ni nani? Sema haraka, nina pasi ya moto mkononi, sijaona namba.

Baba: Ni mimi.

Kitinda: Mimi nani? Kila mtu ni mimi.

Baba: Mimi baba yako, fundi saa, mwenye duka la—

Kitinda: Baba! Shikamoo.

Baba: Marahaba, Kitinda. Hujambo?

Kitinda: Sijambo. Nani kafa?

Baba: Hajafa mtu.

Kitinda: Wewe hupiga Jumapili, saa mbili kamili usiku. Tangu Mama atutoke, miaka minne, hujakosea hata dakika. Leo Jumamosi, tena mchana. Niambie tu, nimeshakaa chini.

Baba: Umekaa na pasi mkononi?

Kitinda: Nimesimama. Niambie hivyo hivyo.

Baba: Hajafa mtu! Sikiliza. Sasa hivi ni saa sita kasoro dakika kumi. Nimenunua dakika kumi tu. Ikigonga saa sita simu inajikata, na mimi saa sita natakiwa niwe na jibu.

Kitinda: Jibu la nini?

Baba: Nauliza tu. Wewe ni dobi, unapeleka nguo za watu kila mtaa, mji huu unaujua kuliko viganja vyako. Mtu akitaka kutembea kesho... matembezi tu... mahali pasipo na kiingilio. Aende wapi?

Kitinda: Mtu gani?

Baba: Mtu.

Kitinda: Mtu mmoja au wawili?

(Saa za dukani zinasikika, kila moja na mwendo wake.)

Baba: Ukitembea peke yako hayo si matembezi, umetumwa.

Kitinda: Aa-haa! Wawili. Haya, makumbusho. Jumapili ya kwanza ya mwezi ni bure, na kesho ndiyo—

Baba: Tumeshaenda.

Kitinda: Tume—?

Baba: Wameshaenda. Hao watu.

Kitinda: Mmh. Bustani ya mimea basi, kule kwenye bwawa la kasa.

Baba: Washaenda. Yule kasa mkubwa haamki mpaka saa nne na robo.

Kitinda: Umejuaje?

Baba: Nimeambiwa.

Kitinda: Na kasa?

Baba: Kitinda, dakika zinakwenda.

Kitinda: Zimamoto! Kila Alhamisi bendi yao hufanya mazoezi uani, watu wanasikiliza kwenye uzio. Burudani safi, bure kabisa. Lakini ni Alhamisi jioni, na wewe Alhamisi hufungi du—

Baba: Nilifunga.

Kitinda: Ulifunga duka?

Baba: Siku ile. Mpiga tarumbeta wao mmoja ana mashavu kama chura. Tulicheka mpaka—

Kitinda: Baba! Hukufunga duka hata siku ya harusi ya kaka! Ulikuja na saa ya mteja mfukoni!

Baba: Ilikuwa ya haraka.

Kitinda: Huyo mtu ni mwanamke.

(Mtandao unakwaruza.)

Baba: —sikii vizuri, mtandao—

Kitinda: Unasikia! Ni mwanamke, ndiyo au siyo?

Baba: Ni mkunga. Mstaafu.

Kitinda: Nimekuuliza jinsia, umenipa kazi yake! Ha! Ng'ombe hazeeki maini! Mmejuana wapi?

Baba: Alileta saa. Ile ya kubana kifuani, ya wauguzi. Ilikuwa imesimama.

Kitinda: Ukamtengenezea.

Baba: Betri tu ndiyo ilikuwa imekwisha. Nikamwambia aiache, kazi yake kubwa, arudi wiki ijayo.

Kitinda: Betri?

Baba: Wiki ijayo nikamwambia bado.

Kitinda: Baba! Wewe uliyekuwa unatuchapa kwa kusema uongo!

Baba: Wiki sita. Ya sita akaniambia, "Fundi, mimi nimezalisha wanawake miaka thelathini na nane, jambo likichelewa hivi najua kuna linalofichwa." Basi tukaenda kutembea.

Kitinda: Lini hiyo?

Baba: Zamani kidogo.

Kitinda: Lini?

Baba: Kesho itakuwa mara ya thelathini na tatu.

Kitinda: Thelathini na— kwa mwezi mara ngapi?

Baba: Kila wiki mara moja.

Kitinda: Miezi nane! Mungu wangu, miezi— subiri! Subiri, subiri! Shati!

(Kishindo. Maji yanamwagika. Mtu anapuliza kwa nguvu.)

Baba: Kitinda? Umeungua?

Kitinda: Mimi sijaungua, kola ya mwalimu mkuu ndiyo imeungua! Nitamwambia nini Jumatatu? Nimwambie baba yangu amepata mchumba?

Baba: Mwambie pasi ilizidi moto. Zimebaki dakika saba.

Kitinda: Miezi nane nakuuliza kila Jumapili, "Baba, umeshindaje?" Unanijibu, "Nimekaa tu." Nakata simu nalia! Namwambia mume wangu, mzee anakaa peke yake anatazama ukuta. Nikawa nakuokea keki, nakuletea kwenye kopo! Kumbe kimya kingi kina mshindo mkuu!

Baba: Keki tulikula. Tulikula sana. Tunakwenda nazo.

Kitinda: Mkunga kala keki yangu?

Baba: Kila wiki.

Kitinda: Akasemaje?

Baba: Nzuri.

Kitinda: Nzuri tu?

Baba: Nzuri. Sukari tu ndiyo imezidi kidogo. Turudi kwenye jambo letu.

Kitinda: Imezidi kidogo! Anakula vya bure na kasoro anatoa!

Baba: Dakika sita na nusu.

Kitinda: Na kwa nini lazima pawe bure? Usiniambie ni ubahili wako. Mchukue mtoto wa watu hotelini, mnunulie soda.

Baba: Hataki! Mimi nataka, yeye ndiye hataki. Siku ya kwanza kabisa aliniwekea sharti. "Mwanamume akikununulia soda leo, kesho anakuuliza ulikuwa wapi." Kila mtu na nauli yake, na tunakokwenda pawe bure. Wiki hii mahali natafuta mimi, wiki ijayo yeye. Na hakuna kurudia.

Kitinda: Na mkiishiwa?

Baba: Ndiyo hapo. Alisema tukiumaliza mji tutaagana vizuri, kila mtu arudi kwa redio yake.

Kitinda: Alikuwa anatania.

Baba: Huyo hatanii. Kesho ni zamu yangu, na leo saa sita kamili anapita dukani kusikia ni wapi. Sina pa kumwambia, Kitinda. Nimetafuta wiki nzima. Usiku sipati usingizi.

(Tik, tik, tik.)

Kitinda: Haya. Usiogope. Twende taratibu. Maktaba kuu.

Baba: Matembezi ya saba. Tulisoma magazeti ya mwaka tuliozaliwa. Mwaka wake umetangulia wangu.

Kitinda: Kakuzidi umri?

Baba: Miezi mitano. Hunipa shikamoo makusudi nimwitikie nione haya.

Kitinda: Nimeanza kumpenda, na sitaki. Uwanja wa ndege, pale juu panapotazamwa ndege.

Baba: Ya kumi na moja. Hatukutazama ndege, tulitazama wanaoagana. Alitoa leso mara mbili. Moja akanipa mimi.

Kitinda: Mahakamani je? Kesi zinasikilizwa wazi, mtu yeyote anakaa.

Baba: Mara tatu, tukaihesabu moja, maana kesi iliahirishwa. Ndugu wawili wanagombea tangi la maji. Yeye yuko upande wa mdogo, mimi wa mkubwa. Hatukusemeshana kutwa.

Kitinda: Duka kubwa la samani. Mnakaa kwenye makochi mnajifanya mnanunua.

Baba: Tulifukuzwa.

Kitinda: Mlifukuzwa!

Baba: Alisinzia. Akakoroma. Muuzaji akatusimamia na kalamu.

Kitinda: (anacheka) Na pale kwa msajili wa ndoa? Jumamosi maharusi wanatoka mmoja baada ya mwingine, mnasimama ngazini mnawashangilia.

Baba: Tulishawashangilia. Tumo katika picha za harusi nne. Wa mwisho walituuliza sisi ni wa upande gani.

Kitinda: Mkasema?

Baba: Yeye alisema wa upande wa bwana harusi. Mimi nikasema wa bibi harusi. Kwa wakati mmoja.

Kitinda: Baba, mimi mbavu zangu! Kivuko?

Baba: Wazee hawalipi. Tulivuka mara sita, kwenda na kurudi.

Kitinda: Mihadhara ya chuo kikuu?

Baba: Tulisikiliza wa nyuki. Walitoa juisi bure, tukabishana kama inavunja sharti. Zimebaki dakika tatu.

Kitinda: Basi mmeumaliza mji. Kweli mmeumaliza. Labda tu...

Baba: Labda nini?

Kitinda: Hakuna.

Baba: Sema.

Kitinda: Lile daraja la juu la waenda kwa miguu. Juu ya reli. (pumzi) Pale ulipokuwa unatupeleka mimi na Mama Jumapili, tunawapungia madereva wa treni mpaka wapige honi.

Baba: Pale sijampeleka.

Kitinda: Kwa nini?

Baba: Tumepita chini yake mara mbili. Akaniambia, "Fundi, pale juu patakuwa na upepo mzuri." Nikainama, nikajifanya nafunga kamba za viatu, mpaka akasahau.

Kitinda: Viatu vyako havina kamba, Baba.

Baba: Ndiyo maana alinitazama vile.

(Mtandao unakwaruza, unatulia.)

Baba: Kitinda.

Kitinda: Nipo.

Baba: Pale si pangu peke yangu.

Kitinda: Kumbe hukunipigia kuniuliza habari za makumbusho.

Baba: Hapana.

Kitinda: Ungeniuliza tangu mwanzo, kola ya watu ingepona.

Baba: Nilikuwa natafuta mlango wa kuingilia.

(Kwa Kitinda pasi inafuka mvuke. Kwa Baba saa zote zinakwenda.)

Kitinda: Pale hapana, Baba. Naomba unisamehe. Pale ni pa Mama. Nikipita na tenga la nguo bado napunga mkono, watu wananiona chizi. Usimpeleke pale.

Baba: Nimeelewa, mwanangu. Wala usijali. Nitamwambia nimeshindwa. Mtu akishindwa, anashindwa. Asante kwa—

Kitinda: Usiage, hujaelewa! Zimebaki ngapi?

Baba: Moja na sekunde arubaini.

Kitinda: Kuna mahali hamjafika. Kiingilio hakuna. Kuna viti vitatu, kimoja mguu mbovu, utakaa wewe. Dirisha linatazama kamba za nguo, kesho zitakuwa na mashuka meupe matupu, mandhari nzuri tu. Na mlinzi hayupo, hata mtu akikoroma hafukuzwi.

Baba: Wapi huko?

Kitinda: Kwangu.

(Saa za dukani tu zinasikika.)

Kitinda: Baba? Haloo? Upo?

Baba: Nipo. Vumbi tu la... la hizi saa. Kwako?

Kitinda: Kesho saa kumi. Chai.

Baba: Chai ina gharama, atakataa. Sharti—

Kitinda: Mgeni hanunuliwi kitu, mgeni anakaribishwa! Mwambie mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Akifika mara ya tatu nampa pasi, anaanza na kola.

Baba: (anacheka, anakohoa) Kitinda, mama yako angekuwa...

Kitinda: Usiniambie. Nitaunguza shati la pili.

(Kengele ndogo ya mlango wa duka. Sauti ya mwanamke kwa mbali: "Hodi, fundi! Saa yako inasema nini?")

Kitinda: Ndiye?

Baba: (kwa kunong'ona) Ndiye. Kasoro dakika moja. Hajawahi kufika kabla ya saa.

Kitinda: Naye hakulala, basi. Mwambie!

Baba: Karibu, karibu mama. Mahali... mahali nimepata. Kesho. Kwa binti yangu.

(Kiti kinaburutwa.)

Kitinda: Anasemaje? Baba! Anasemaje?

Baba: Ameketi. Ameshika leso.

Kitinda: Muulize chai anakunywa na sukari au bila! Haraka, sekunde zinaisha! Mpe simu! Mpe—

(Simu inabadilishana mikono, inagonga meza. Saa ya kwanza ukutani inaanza kugonga sita, nyingine zinaifuata.)

Mkunga: Haloo? Bila sukari, mwanangu. Asante. Asante sana. Na ile keki, ukipenda, pung—

(Tuu. Tuu. Tuu.)

Kitinda: Haloo? Haloo! "Pung" nini? Punguza? Haloo? ... Haya! Hata mlango wangu haujui, na jikoni ameshaingia.